Kubadilishana gari kwa gari kati ya watu binafsi nchini Uganda: kodi ipi inalipwa, na hatua ni zipi?

MkaziWaNamirembe
Salaam wanajukwaa. Nina Toyota Wish, jirani ana Subaru Forester, na tunataka kubadilishana. Wish tumeikadiria milioni 22, Forester milioni 28, kwa hiyo nitamwongeza milioni 6. Hakuna kati yetu anayefanya biashara ya magari. Maswali yangu: je, kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani)? Kodi inapigwa kwa thamani ya magari yote mawili au kwa ile nyongeza peke yake? Na mkataba uwe mmoja au miwili? Ndugu yangu aliyeko Texas anasema kwao wanalipa dola tano na kazi imekwisha.

Karani_Mstaafu
Ndugu, nianze na VAT maana ndiyo inayowatisha watu bure. Ni 18%, lakini haifuati gari, inamfuata muuzaji. Anayetoza VAT ni mtu aliyesajiliwa na anayeuza katika shughuli za biashara yake. Kiwango cha kulazimika kujisajili kwa miaka mingi kimekuwa mauzo ya shilingi milioni 150 kwa mwaka. Mtu anayeachana na gari lake la kutembelea hajafanya biashara, hata gari lenyewe liwe la bei ya nyumba. VAT ya Wish yako ililipwa siku ilipoingia nchini, pamoja na ushuru wa forodha. Hailipwi tena kwa sababu imebadilisha mikono.

Kodi ya mapato nayo haikugusi. Faida inayotozwa ni ya mali ya biashara, na gari la nyumbani si mali ya biashara. Kodi ya zuio ya 6%, ile inayokatwa kwenye malipo ya bidhaa yanayozidi milioni moja, hukatwa na taasisi na kampuni zilizoteuliwa kuwa mawakala wa kuzuia. Jirani yako si wakala.

Kinachobaki ni ada za kuhamisha umiliki na ushuru wa stempu kwenye mkataba. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu: kubadilishana ni uhamisho mara mbili. Wish inatoka kwako kwenda kwake, Forester inatoka kwake kuja kwako. Maombi mawili, namba mbili za malipo, ada mara mbili. Milioni 6 ni njia ya kusawazisha bei kati yenu na haimpunguzii mtu ada hata moja. Ada zenyewe huweza kubadilika bajeti mpya inapoanza kutumika tarehe 1 Julai, kwa hiyo soma kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya malipo yenye PRN (namba ya malipo), usitegemee alichosema dalali.

Muthoni_wa_Kireka
Kuhusu Texas, ndugu yake hakukosea. Kule kodi ya kununua gari ni 6.25%, lakini magari mawili yakibadilishwa bila nyongeza yoyote kila upande hulipa dola 5. Ukiingiza pesa juu, hapo si ubadilishanaji sawa tena. Na hiyo ni Texas tu. California kila mmoja hulipa kodi kwa thamani ya soko ya gari alilopokea, kana kwamba amelinunua taslimu. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa Marekani mtandaoni, jua kila jimbo lina sheria yake na hakuna hata moja inayovuka kuja Nakawa, hapa Kampala.

MkaziWaNamirembe
Asante sana Karani na dada Muthoni. Sasa mkataba. Jirani anasema tuandike karatasi moja: "tumebadilishana, tumeridhika", tusaini, basi.

Wakili_Mpole
Msifanye hivyo, tafadhali.

Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wowote unaozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, yaani mpaka ni shilingi 500,000. Magari yenu yamevuka hapo mbali sana. Lakini maandishi ya "tumeridhika" hayamlindi yeyote kwa sababu hayana thamani ndani yake. Forester ikikamatwa baada ya miezi minne kwa sababu ilikuwa ya wizi, utadai nini? Wish yako pengine imeshauzwa kwa mtu wa tatu. Mahakama itauliza gari lilikuwa na thamani gani siku mlipobadilishana, na karatasi yenu itakuwa kimya.

Andikeni thamani ya kila gari kwa tarakimu na kwa maneno, na ziwe thamani za kweli. Wapo wanaoshusha bei kwa kudhani wanaokoa kodi. Kwa mtu binafsi hakuna VAT ya kuokoa, na bei ya uongo ndiyo hiyo utakayorudishiwa mambo yakiharibika.

Viingie pia: majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, NIN (namba ya kitambulisho cha taifa), TIN (namba ya mlipakodi) na simu za pande zote. Kwa kila gari namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa, rangi, na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Nyongeza ni kiasi gani, inalipwa kwa njia gani na lini. Tarehe na saa ya kukabidhiana, kwa sababu ajali au faini ya saa nne asubuhi lazima iwe na mwenyewe. Kasoro zinazojulikana ziandikwe wazi, mfano gia inachelewa kuingia au taa ya injini inawaka. Kila upande utamke kwamba gari ni lake, halina deni wala dhamana, na kwamba likitwaliwa na mwenye haki atarudisha thamani iliyoandikwa. Kisha kifungu cha kurudi nyuma: uhamisho wa upande mmoja ukikataliwa ndani ya siku mtakazokubaliana, kila mtu anarudisha gari na nyongeza inarudi. Mashahidi wawili, mmoja kila upande.

Kama mmoja wenu hasomi lugha ya mkataba, Sheria ya Kulinda Wasiojua Kusoma inamtaka aliyeandika hati ajitaje kwa jina kamili na anwani, na aonyeshe kwamba aliandika kwa maagizo ya mhusika na kumsomea. Kipengele hicho kikikosekana hati nzuri inaweza kutupwa.

Karani_Mstaafu
Naongeza kwa Wakili upande wa stempu. Mkataba wa kawaida hulipiwa kiasi kimoja kisichotegemea bei, lakini jedwali la Sheria ya Stempu lina kipengele cha pekee cha hati ya ubadilishanaji wa mali. Kichwa cha karatasi na maneno yaliyomo yanaweza kuamua hati inawekwa wapi. Pelekeni rasimu ikakadiriwe kabla ya kusaini. Mkataba usio na stempu hauwi batili kati yenu, ila mahakama haitaupokea kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe, na adhabu hiyo huangukia siku usiyokuwa na pesa.

Mimi napendelea mikataba miwili ya mauzo, ya milioni 22 na ya milioni 28, kila mmoja ukitaja mwenzake na kusema milioni 22 zimekatana. Kila gari linabaki na historia yake kamili. Ukija kuuza Forester mwaka ujao, mnunuzi anaona karatasi moja inayohusu gari lake, bila mambo ya Wish ya mtu mwingine.

Wakili_Mpole
Nakubaliana na miwili, kwa sharti kwamba kifungu cha kurudi nyuma kiwemo katika yote miwili. Bila hicho mkataba mmoja unaweza kuvunjika na mwingine ukabaki hai, na mtu akajikuta hana gari huku bado anadaiwa.

GiaBoksi256
Mnaongea karatasi, nami naongea chuma. Kabla ya kulipia PRN yoyote, namba ya chasisi isomwe kwenye gari lenyewe, si kwenye logibuku (hati ya usajili wa gari). Kwa Wish na Forester tafuta kibati cha mtengenezaji na ile namba iliyogongwa kwenye bodi. Pangusa vumbi, piga picha yenye mwanga wa ubavuni. Angalia kama herufi zimepangana, kama kuna msasa, ulehemu au rangi mpya kuzunguka namba tu. Herufi moja tofauti na logibuku inatosha kusimamisha kila kitu.

Injini ni kisa kingine. Magari mengi Uganda yamebadilishwa injini kwa halali, kwa sababu injini ya zamani iliungua na fundi akaleta nyingine kutoka kwa wauza vipuri. Lakini kama mabadiliko hayakuingizwa kwenye daftari la magari, ukaguzi utaonyesha namba mbili tofauti na maombi yatasimama. Anayemiliki gari sasa ndiye arekebishe kwanza, kwa gharama yake, akiwa na risiti ya injini. Ukipokea kabla ya marekebisho, mzigo umekuwa wako na risiti anayo yeye.

Nendeni pamoja kwa mkaguzi wa magari wa polisi, magari yote mawili siku moja. Mwenye gari safi haogopi kwenda.

Nakato_Mikopo
Jambo ambalo halijaguswa ni dhamana. Watu wanaamini mwenye logibuku mkononi hana deni. Tangu Sheria ya Dhamana ya Mali Inayohamishika ya 2019, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake juu ya gari katika SIMPO, daftari la dhamana lililoko URSB (ofisi ya usajili ya Uganda), na logibuku ikabaki kwa mkopaji. Haki hiyo inalifuata gari. Ukilipokea bila kutafuta, mkopeshaji anaweza kulichukua kutoka nyumbani kwako. Tafuta kwa namba ya chasisi na pia kwa NIN ya mwenye gari, kwa sababu mkopo unaweza kuwa umefunika mali zake zote bila kutaja gari. Fanya utafutaji siku mbili kabla, urudie asubuhi ya kukabidhiana. Mkopo wa usiku wa manane hutokea.

Angalia pia faini za EPS (za makosa ya barabarani) kwa namba ya gari. Alipe aliyeendesha, kabla ya uhamisho. Kumfuata baadaye ni kazi ngumu.

Ojok_Gulu
Swali dogo. Jina kwenye logibuku ya gari la jirani yangu huku ni la marehemu baba yake. Ameliendesha miaka kadhaa na ukoo wote unakubali.

Wakili_Mpole
Ndugu Ojok, kukubali kwa ukoo hakuhamishi gari. Anayeweza kusaini ni msimamizi wa mirathi mwenye barua za usimamizi au kibali cha wosia kutoka mahakamani. Mpaka hapo jirani hana cha kubadilishana. Msikabidhiane hata funguo.

Akiiki_Salama
Na zile fomu za uhamisho zilizosainiwa bila kujazwa? Nimepewa fomu, picha mbili za pasipoti na nakala ya kitambulisho cha mwenye gari wa kwanza. Watatu wamelimiliki baada yake.

Karani_Mstaafu
Akiiki, fomu hiyo haina nguvu unayoifikiria. Siku hizi mwenye gari anatambulishwa na TIN yake na simu iliyosajiliwa nayo. Kama yule wa kwanza amebadilisha namba, amehama au amefariki, umebaki na karatasi. Katika kubadilishana ni hatari maradufu, kwani wewe unatoa gari lenye jina lako na kupokea gari lenye jina la mgeni. Kanuni yangu: anayebadilishana nami awe ndiye aliyeandikwa kwenye daftari. Kama siye, kwanza alihamishie kwake, kisha tuzungumze.

BusiaMpakani
Nami niseme la huku kwetu, maana watu wanadhani Afrika Mashariki ni moja hadi kwenye kodi za magari. Kubadilishana gari la namba ya Uganda na la namba ya Kenya si kubadilishana. Kwa forodha ni kuagiza gari. Ushuru uliolipwa Mombasa kwa matumizi ya Kenya hauhesabiki Kampala, kwa sababu gari la Japani lililotumika si bidhaa ya asili ya Afrika Mashariki.

Chukua gari ambalo URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) imelithamini milioni 20, bila ushuru wa mazingira. Ushuru wa forodha 25% ni milioni 5. VAT 18% inapigwa juu ya milioni 25, yaani milioni 4.5. Kodi ya zuio 6% ni milioni 1.2. Tozo ya miundombinu 1.5% ni laki 3. Jumla milioni 11, kabla ya ada ya usajili wa kwanza na mabamba. Likiwa kuukuu, ushuru wa mazingira unaongezeka juu yake, na likiwa na miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa haliingii kabisa. Thamani yenyewe haitoki kwenye mkataba wenu. URA ina kumbukumbu zake za bei, nanyi mkiandika milioni 8 watatumia yao.

Gari lililoingia kwa kibali cha muda cha mgeni haliruhusiwi kuuzwa wala kubadilishwa ndani ya nchi. Likikamatwa linataifishwa, na aliyepokea hapati chochote.

Namono_Mbale
Kaka Busia, vipi gari la shirika lililoingia kwa msamaha wa ushuru? Dereva wa hapa Mbale anasema linauzwa au kubadilishwa tu, bora liwe na logibuku.

BusiaMpakani
Hapana dada. Msamaha ni wa mtu na matumizi, si wa gari. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inasema mali iliyosamehewa ikienda kwa mtu au matumizi yasiyo na msamaha, ushuru unadaiwa. Vilevile kwa gari la mkazi aliyerejea kutoka ng'ambo. Daini hati ya forodha inayoonyesha ushuru umelipwa. Neno la dereva halitoshi.

Tumusiime_Mizigo
Upande wa biashara je? Kampuni ndogo, haijasajiliwa VAT, ina pikapu ya milioni 30. Mimi natoa gari langu la milioni 24 na kuongeza milioni 6.

Karani_Mstaafu
Hapo mambo yanageuka. Pikapu ni mali ya biashara, na anayenunua mali ya biashara anatakiwa kuzuia 6% na kuipeleka URA, hata kama yeye si wakala aliyeteuliwa. Thamani ni milioni 30, si milioni 6, kwa sababu gari lako ni malipo pia. 6% ya milioni 30 ni milioni 1.8. Ingizeni hiyo ndani ya nyongeza: kampuni unaipa milioni 4.2 taslimu, milioni 1.8 unailipa URA kwa jina lake, nayo inaitumia kupunguza kodi yake ya mwaka. Mkisahau hilo na ukatoa milioni 6 yote, milioni 1.8 itatoka mfukoni mwako. Kama nyongeza ingekuwa laki 5 tu, kusingekuwa na pesa ya kuzuia, na ndiyo maana jambo hili linaamuliwa kabla ya kusaini.

Kampuni ingekuwa imesajiliwa VAT, ingetoa ankara ya EFRIS (mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki) kwa thamani yote ya soko, nanyi mngelazimika kuandika kama milioni 30 imejumuisha VAT au la. Ikiwa imejumuisha, VAT iliyomo ni 18 kwa 118, karibu milioni 4.58. Ikiwa haikujumuisha, ni milioni 5.4 juu. Pia daini azimio la bodi linaloruhusu gari litolewe. Sahihi ya mkurugenzi mmoja haitoshi.

Ssali_Kamunye
Kamunye (basi dogo) ya abiria 14 kwa lori la Canter la tani 3?

Karani_Mstaafu
Hakikisheni kodi ya mapato ya awali imelipwa kwa kila gari. Ya abiria ni shilingi 20,000 kwa kiti kwa mwaka, yaani 280,000. Ya mizigo, kuanzia uwezo wa tani 2, ni 50,000 kwa tani, yaani 150,000 kwa Canter hiyo. Risiti ikae kwa aliyelipa, kwa sababu inapunguza kodi yake ya mwaka, na mwenzake abaki na nakala.

MkaziWaNamirembe
Nimejifunza mengi. Naomba mpangilio wa siku yenyewe. Milioni 6 niipeleke kwa simu?

Nakato_Mikopo
Peleka benki kwa benki. Akitoa pesa kwenye simu kuna ushuru wa 0.5% wa kutoa, yaani 30,000 kwa milioni 6, juu ya makato ya mtandao. Andika "nyongeza ya ubadilishanaji" na namba za magari kwenye maelezo ya muamala.

Karani_Mstaafu
Mpangilio ni huu. Kaeni meza moja, kila mmoja na simu na nywila zake. Fungueni maombi mawili kwa zamu kwenye mfumo wa daftari la magari, ambalo sasa liko Wizara ya Kazi na Uchukuzi. Msithibitishe la kwanza kabla la pili halijafika hatua hiyohiyo. Kinachoharibu mara nyingi ni jina la TIN kutofanana na kitambulisho, mfano mpangilio wa majina au herufi iliyokosekana. Upande mmoja unapita, wa pili unakwama, na mtu mmoja anabaki na magari mawili kwenye jina lake. Linganisheni majina wiki moja kabla.

Zote mbili zikifika hatua moja, thibitisheni, lipieni PRN zote, kisha tuma nyongeza, kisha kabidhianeni funguo zote mbili za kila gari. Logibuku za zamani piga picha kabla ya kuzisalimisha. Bima ya mtu wa tatu iliandikwa kwa jina la mwenye gari wa awali, kwa hiyo piteni kwa kampuni ya bima siku hiyohiyo kabla hujaondoka na Forester barabarani.

GiaBoksi256
Na uangalie mafuta ya gia ya hiyo Forester ikiwa injini imepoa, kisha ikiwa moto. Kabla ya PRN.

MkaziWaNamirembe
Jirani amekubali twende kwa mkaguzi Jumanne. Karani, TIN yangu ina jina la ubatizo ambalo halimo kwenye kitambulisho. Nianzie wapi?

Karani_Mstaafu
Anza na TIN, omba marekebisho ya taarifa kwenye akaunti yako ya URA ukiambatanisha kitambulisho cha taifa. Kitambulisho ndicho kinachofuatwa. Subiri mabadiliko yaonekane, ndipo mpange siku.